Mashine Mpya Kutoka India

Saa tano wakala aliyemuuzia angekuja na gari kuichukua mashine ya kusaga, na msagaji alikuwa bado hajaamua. Ikiondoka, anabaki na kibanda kitupu. Ikibaki, anabaki bila mabega. Unga inatoa laini kama poda, umeme haili sana, ila mdomo wake uko juu mno: kila debe la mahindi lazima alipandishe juu ya kichwa, na sasa mwezi wa pili mabega yamegoma.

"Irudi ilikotoka," mjomba wake alisema, kajikalia pembeni na gazeti. "Mimi niko shule, India ilikuwa inaletewa nafaka ya msaada kwa meli. Leo wanatuuzia mashine za kusagia! Dunia imepinduka, na imekuangukia wewe."

"Sasa mjomba, wamefikaje hapo?"

"Waulize wenyewe."

Alikuwa anatania. Lakini namba ya simu ya kiwanda ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mashine, na msagaji si mtu wa kuambiwa "waulize" akanyamaza. Akapiga, tena kwa video.

Akapokea dada mmoja kavaa ovaroli ya bluu. Nyuma yake mashine kama ile zimepangwa mpaka macho yanachoka. Wakaongea Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu na viraka vyake. Msagaji akaonyesha mdomo wa mashine, akaonyesha bega.

"Kwani unasimama chini?" dada akashangaa. "Ngazi iko wapi?"

"Ngazi gani?"

"Fupi, ya chuma. Inakuja kwenye boksi lilelile. Hebu zungusha simu."

Akazungusha.

"Hiyo hapo! Kuna mzee kaikalia!"

Mjomba akaruka kama kakalia siafu. "Mimi nilijua ni kiti cha zawadi," akasema.

Msagaji akaiburuta, akapanda. Debe likafika mdomoni mwa mashine bila hata kuvuka kidevu chake. Akacheka peke yake huko juu.

Nje honi ya wakala ikalia. "Mjomba, mwambie aende zake. Mashine imepona." Kisha akairudia simu. "Dada, nitembeze humo ndani. Na ile nafaka ya msaada, ni kweli? Mlianzia wapi?"

"Nitakutembeza. Ila kwanza wewe: hapo kwenu mnasaga nini? Tunapeleka mashine nchi kumi na mbili, hakuna aliyewahi kutuambia."

Msagaji akachota mahindi kiganja kizima, akayasogeza mbele ya kamera.