Masale ya Mzee Eliufoo

Nilipohamia Shirimatunda mwaka 1988 tulikuwa nyumba saba. Pengine pote palikuwa mahindi ya Mzee Eliufoo, na asubuhi ukifungua mlango unauona mlima mzima, kuanzia miguuni hadi kwenye theluji. Leo nikifungua mlango naona soksi za jirani.

Mimi ni Hosea, mtu wa Iramba, nililetwa Moshi na kazi ya kiwanda cha sukari. Eliufoo alikuwa Mchagga wa Kibosho. Kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa kwa ndugu tisa mpaka kikaisha, ndipo akashuka huku chini kutafuta pa kulima. Alipoanza kutuuzia viwanja alituachia njia, akasema ni lazima upite mkokoteni wa ng'ombe, na kando zake zote mbili akapanda masale.

Masale ni majani marefu ya kijani, ndiyo mpaka wa Wachagga. Lakini si mpaka tu. Ukimkosea mtu, unampelekea jani moja la isale limefungwa fundo, na akishalipokea hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Haya Eliufoo alinieleza siku ya kwanza, nami nikacheka kimoyomoyo. Kwetu Iramba mpaka ni mnyaa, na mnyaa hauna maneno mengi.

Mwaka 1996 nilitaka chumba cha kupangisha. Kiwanja kilikuwa kimejaa, nikatazama njia nikaona ni pana mno kwa watu wasio na ng'ombe. Nikang'oa masale ya upande wangu, nikasogea hatua moja na nusu. Hatua moja na nusu tu! Eliufoo alikuja akasimama anatazama msingi.

"Hosea," alisema, "isale haling'olewi."

"Mzee, hilo si ni jani tu?"

Wiki iliyofuata alijenga ukuta wa tofali upande wake wa njia, nisije nikammega zaidi. Hatukusalimiana tena. Alipofariki mwaka 2003 mimi nilikwenda zamu kiwandani kama siku yoyote. Mke wangu Dainess alikwenda msibani peke yake, akapika siku tatu, akarudi nyumbani wala hakuniuliza kitu.

Majirani nao walijifunza kwangu. Huyu akasogeza choo, yule akasogeza jiko, mwingine ngazi. Shamba lile la mtu mmoja likawa mtaa, na ile njia ya mkokoteni ikawa kichochoro. Karani wa sensa alipokuja mwaka 2022 alihesabu kaya sabini na mbili, akipita ubavuubavu na kishikwambi chake kifuani. Aliniuliza nani alipanga mtaa huu. Nilimwambia sijui, na nilijua vizuri sana.

Mwezi wa tatu mwaka huu, saa tisa mchana, Dainess alibanwa na pumzi. Gari lilikomea barabarani, lisingeweza kuingia. Tukamlaza kwenye blanketi, mimi, mpangaji wangu Rodney na vijana wawili wa jirani, tukambeba mbiombio hadi kwenye kona ya kile chumba changu. Pale blanketi likagoma kukata kona.

"Mzee, hapiti," Rodney alisema. "Tumsimamishe."

Tukamsimamisha mtu asiyeweza kusimama. Paji lake la uso lilikwaruzwa na tofali zangu mwenyewe. Alinitazama tu.

Hospitali aliishi siku mbili. Siku ya pili alinishika mkono. "Nikifa nitoke nyumbani kwangu, Hosea. Nimefagia pale miaka thelathini na tano. Na usinisimamishe tena."

Nikamwahidi. Mwanaume ukiulizwa jambo kama hilo utasema nini?

Jeneza lilipokuwa tayari Rodney alilipima kwa futi, akaja akapima na kona, akatikisa kichwa. Mchungaji akashauri tumuagie kanisani, watu wengi siku hizi wanafanya hivyo. Rodney akajitolea tubomoe chumba, lakini ndani yake yuko mkewe Hajira na mtoto wa siku tisa, na mvua za masika zilikuwa hazikatiki. Nikakataa. Ilibaki njia moja: kubomoa ukuta wa Eliufoo, jeneza lipite kwenye migomba ya mjane wake, Mama Elisifa, litokee barabara ya nyuma. Na mazishi yalikuwa kesho yake.

Huwezi kwenda kwa mtu uliyemkosea miaka ishirini na zaidi ukaomba umbomolee ukuta. Hata mimi wa Iramba nilijua ninachotakiwa kushika mkononi. Nilizunguka mtaa mzima asubuhi ile kutafuta isale moja. Ukuta, bati, ukuta, tangi la maji, ukuta. Masale yalikuwa yamekwisha yote, na mimi ndiye niliyeng'oa la kwanza. Nikaenda mikono mitupu, nasikia aibu hadi masikioni.

Mama Elisifa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi za mtori, za kuleta kwangu msibani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole, Baba Victoria. Dainess alikuwa mtu."

Nikamweleza yote: kona, jeneza, ahadi. Alimenya ndizi mbili kabla ya kujibu.

"Umekuja mkono mtupu."

"Nimetafuta isale mtaa mzima, mama. Hakuna."

"Lipo. Unajua lilipo."

Nilijua. Kaburi la Eliufoo liko katikati ya migomba yake, na kichwani pake masale yamesimama marefu kuliko mtu.

"Siwezi kuchuma kaburini kwake," nilisema. "Mimi nitaanzaje?"

"Na mimi sitaki uchume. Hujui kulishika."

Aliinuka na mkongojo wake. Nilimfuata. Alichuma jani moja, akalifunga fundo taratibu kwa vidole vyake vilivyopinda, huku anaongea na kaburi kwa Kichagga, maneno mengi ambayo sikuyaelewa na hakunitafsiria. Kisha akaliweka kiganjani mwangu.

"Haya. Sasa nipe."

Nilipiga magoti kwenye tope, nikampa kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," alisema. "Kaleteni nyundo." Halafu, wakati najikongoja kuinuka, akaongeza: "Alikungoja miaka saba, unajua? Kila Jumapili anasema, atakuja tu huyu, ni mgeni, hajajua."

Nililia pale mbele ya migomba. Sikulia hivyo hospitali.

Dainess alitoka mlangoni kwake amelala, akapita kwenye tundu la ukuta na kando ya kaburi la Eliufoo, kwaya inaimba nyuma. Tulimzika makaburi ya mtaa, maana kwenye kiwanja changu hakuna hata pa kuchimba shimo la mgomba. Kila pembe nimeijenga. Mke wangu amelala katikati ya watu asiowajua, wamebanana hivyo hivyo.

Arobaini ya mtoto ilipokwisha, nilimhamishia Rodney na familia yake kwenye chumba alichokuwa akilala binti yetu Victoria kabla hajaolewa Holili. Nikaanza kubomoa kile changu, tofali moja moja, kwa nyundo. Nina miaka sabini na moja, ilinichukua wiki tatu. Mama Elisifa alinitazama kutoka kwenye lile tundu la ukuta.

"Aika," nilimwambia. Ndilo neno langu pekee la Kichagga, asante.

"Ungefanya mapema," alijibu, akaingia ndani.

Kesho yake tu nilikuta Rodney ameegesha pikipiki yake pale pale palipobaki wazi. Nikamfokea, akaitoa. Keshokutwa mtu akamwaga kokoto. Nikazizoa kwa beleshi hadi mbele ya mlango wake. Sasa kila asubuhi natoa kiti naweka kwenye ile kona, nakaa hadi jua linazama, na limeota chipukizi moja la isale miguuni pangu, alilonipandia Mama Elisifa. Watu wanapita wananisalimia kwa kunionea huruma, wanasema msiba umemchanganya mzee. Waseme. Mama Elisifa anatimiza themanini na tano mwezi wa nane, wanawe wamekwisha kuziba lile tundu, na njia yake ya kutokea nyuma wameiuza kiwanja, umebaki mlango wa kichochoroni tu. Siku yake ikifika ya kurudishwa kando ya Eliufoo, atapita hapa, amelala.