Faili la Mwanagenzi wa Thelathini na Moja

Kiberiti aliiomba ile kazi kwa uongo. Alimwambia meneja kwamba sasa ametulia, anataka kujifunza mambo ya ofisi, na meneja, aliyekuwa akimjua vizuri, alicheka mpaka akavua miwani. Yeye na ofisi wapi na wapi? Huyu aliyeacha shule kidato cha pili, kisa amechoka kukaa? Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha hata kuisikia, na hakuna mwingine aliyeitaka. Akapewa.

Kampuni ilikuwa ya kufunga na kutengeneza lifti. Barua pepe zake zote za miaka kumi na tisa, elfu arobaini na ushee, zilikuwa kwenye seva moja kuukuu iliyokaa chini ya ngazi ikikoroma kama mgonjwa wa kifua. Ijumaa ilikuwa izimwe ikasagwe. Kabla ya hapo kila folda ipitiwe: barua za lifti zihamie kwenye hifadhi mpya zikae humo mpaka lifti yenyewe ing'olewe, na zisizo na kazi zifutwe. Meneja alimweleza sababu kwa kifupi. Lifti ikinasa watu miaka kumi ijayo, hakimu atauliza nani aliandika nini, lini. Hakimu hataki kusikia "nadhani".

Kiberiti alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Yeye shida yake ilikuwa barua moja tu. Ya mama yake.

Mama yake ndiye aliyekuwa sekretari pale, miaka yote hiyo kumi na tisa. Mwanawe alipoacha shule alimwombea nafasi ya uanagenzi kwa mafundi, na mwana akakaa wiki sita, akachoka, akaondoka bila kuaga. Jioni ile walikorofishana mlangoni, majirani wakisikia. Mama alitaka kujua tu atafanya nini na maisha yake. Kiberiti akawaka, kama jina lake lilivyo, akamwambia:

"Wewe ulitakiwa uzae faili, siyo mtoto. Faili ukiliweka linakaa."

Mama aliokota kandambili iliyomtoka mguuni, akaingia ndani. Kiberiti akaenda kulala kwa rafiki, siku ikawa wiki, wiki ikawa miaka mitatu. Simu za mama alikuwa anaziangalia zikilia mpaka zinakatika. Miezi minane iliyopita presha ikamwangusha mama bafuni, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho.

Siku ya mazishi mama mdogo, mdogo wake marehemu, alimvuta Kiberiti pembeni akamwambia kwamba dada yake alimwandikia yeye Kiberiti barua pepe, palepale kazini, wiki mbili hivi kabla ya kufa. Imesema nini, marehemu hakumwambia mdogo wake. Alisema tu, "Nimemwandikia. Akitaka atasoma."

Hakuisoma. Anwani yake, ya bure ya mtandaoni, ilifunguliwa na mkufunzi enzi za uanagenzi, na yeye hakuigusa tena. Alipoifuatilia baada ya mazishi aliambiwa imeshafungwa kwa kutotumika, na kila kilichokuwemo kimekwenda na maji. Ikabaki nakala moja duniani, ile ya mtumaji, ndani ya seva inayokoroma chini ya ngazi. Kiberiti alitaka kujua kitu kimoja kabla haijasagwa: mama alimsamehe au alimkana?

Angeweza kuitafuta mara moja yakaisha, lakini mashine ile ukiiambia itafute, inaganda mpaka uichomoe ukutani. Ilibidi aende folda moja moja. Na folda ya binafsi ya marehemu, ambako aliamini barua ipo, ilikuwa imefungwa. Meneja alisema ataifungua Alhamisi, kazi ya kampuni ikiisha. Basi Kiberiti akaamua kazi ya kampuni iishe upesi.

Jumatatu alianza na wanagenzi walioondoka, mafaili arobaini. Maelekezo yalikuwa wazi: fungua kila faili, angalia kama kuna barua iliyopotea njia ikaingia humo, ndipo ufute, na uandike sababu. Namba MWA/31 ilikuwa yeye mwenyewe. Alijua kilichomo. Barua ya onyo kwa kuchelewa, ya pili kwa kuchelewa tena, ya tatu kwa kukutwa amelala fofofo juu ya kizimba cha lifti saa nne asubuhi.

Wakati ule Fundi Kamba alikuwa ameegemea mlango na kikombe chake cha chai. Ndiye fundi wa nyaya za lifti, mtu wa masihara, na ndiye aliyemkuta juu ya kizimba siku ile.

"Lifute hilo haraka," akasema. "Wakwe watakuja kukuchunguza, wakute unakoroma juu ya lifti?"

Walicheka wote wawili. Kiberiti akalifuta lake kwanza, bila kulifungua, kisha akayakusanya yote thelathini na tisa yaliyobaki akayafuta kwa mpigo. Penye sababu akaandika "Haina faida", mara moja tu. Mashine ikairudia yenyewe kwenye kila mstari.

Jumanne na Jumatano alihamisha barua za lifti mpaka macho yakawasha. Alikutana na mama kila mahali. Mama akimbembeleza mteja, mama akimkaripia muuza vipuri kwa adabu mpaka unamhurumia muuza vipuri. Na kila barua ilikuwa na namba ya faili mwanzoni mwa kichwa chake, bila kukosa hata moja. Ule ndio ugonjwa wa mama. Barua haikutoka mikononi mwake bila namba, hata iwe ya kuagiza sabuni ya chooni.

Alhamisi asubuhi meneja akafungua folda ya binafsi. Barua arobaini na sita. BIN/12, vipimo vya miwani. BIN/20, mama mdogo na habari za mguu wake. Kiberiti alizisoma zote, akarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ya kwake haikuwemo. Akajiambia mama mdogo alisikia vibaya, au mama aliandika akaghairi. Alikuwa karibu kulia na hakutaka meneja amwone, kwa hiyo akachukua kazi iliyobaki: kuchapa orodha ya vilivyofutwa, aisome na kutia sahihi kila ukurasa.

Ilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa tatu. Mtumaji, mama. Mpokeaji, anwani ile aliyoisahau. Tarehe, wiki mbili kamili kabla ya kifo. Ukubwa, kilobaiti nne. Kichwa cha barua: MWA/31 – Yah: Kurudi nyumbani. Sababu ya kufutwa: Haina faida.

Akakaa juu ya boksi la karatasi. Alielewa palepale, hakuna aliyehitaji kumwambia. Mama asingemwandikia mwanawe barua akaiacha bila faili. Na mwanawe ndani ya ofisi ile alikuwa na faili moja tu.

Alimpigia fundi wa kompyuta. Fundi akauliza ilifutwa lini. Jumatatu. Akavuta pumzi, akasema nakala ya akiba hujiandika upya kila usiku juu ya ile ya jana. Ingekuwa Jumatatu yenyewe, angeweza. Akasema pole, na Kiberiti akakata simu kabla neno halijaisha.

Fundi Kamba alimkuta pale kwenye boksi. Safari hii hakuegemea mlango. Alisoma ule mstari mara mbili, kidole kikifuata maneno.

"Kilobaiti nne ni nyingi?" akauliza.

"Kama ukurasa mmoja."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Mtu anayetaka kukwambia usirudi, hajazi ukurasa."

"Unajua, au unadhani?"

Fundi Kamba akaangalia sakafu. "Nadhani."

Alipoondoka, Kiberiti alifanya jambo ambalo hata yeye hakuweza kulieleza. Aliingia kwenye hifadhi mpya akatafuta barua nyingine ya mama yenye kilobaiti nne. Akaipata, iliyokwenda kwa wapangaji wa ghorofa fulani, kwamba lifti yao itazimwa siku mbili. Mama aliwaomba radhi. Alitaja saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Alisema anajua kuna bibi ghorofa ya nne asiyeweza ngazi, na mafundi wawili watampandisha na kumshusha kwa kiti muda wowote atakaotaka, asione haya kuita. Kiberiti aliisoma polepole, kwa sauti ya chini, akiangalia saa ya ukutani. Ilichukua dakika mbili na nusu. Basi mama yake alizungumza naye dakika mbili na nusu.

Saa kumi meneja alikuja kuchukua orodha. Kiberiti akamwonyesha mstari wa tatu, akamwambia ukweli wote, mpaka wa ule uongo wa kuombea kazi. Meneja alivua miwani kama siku ile, ila hakucheka. Kiberiti akaomba kitu kimoja: lile neno kwenye sababu libadilishwe. Aandikwe kwamba amekosea. Aandikwe chochote.

"Orodha hii haibadiliki, kijana," meneja akasema taratibu. "Na haifutwi. Mama yako ndiye aliyetaka iwe hivyo, zamani sana. Alisema vinginevyo watu wataficha walichokitupa."

Kiberiti akachukua kalamu. Chini ya ukurasa akaandika jina lake lote, herufi zimeinama kidogo kuelekea kulia, mwandiko ambao mama alimshikia mkono kumfundisha kwenye meza ya jikoni kabla hajaanza shule. Meneja akagonga muhuri wa KUDUMU, akaubeba ukurasa kwenda kuuhifadhi.