Upepo wa Kulipia

Bibi alikuwa ameinamia beseni tupu jikoni kwa binti yake, sabuni ya mtoto mkono mmoja, mkono wa pili kwenye bomba. Akafungua. Bomba likakohoa, likatema tone la kutu, kisha likaanza kupuliza. Upepo wenyewe ulikuwa wa baridi na wa nguvu, ukalirusha pazia la dirishani hadi likamfunika Bibi kichwa.

"Hili ni bomba au pua ya mtu mwenye mafua?" aliuliza ndani ya pazia.

"Maji yanakuja, mama," binti yake alijibu kutoka chumbani. "Upepo hutangulia."

Bibi alikuja mjini kwa jambo moja tu, kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Bila hilo asingepanda basi na magoti yake yale. Binti yake, mhasibu wa kampuni, alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba nyumba waliyopanga ina bomba jikoni, ina bomba bafuni, na hata choo kina bomba lake lenyewe. Bibi akawa anamwona mtoto akilini, maji mpaka mabegani, anapiga mateke. Lakini tangu afike, mtoto alikuwa anafutwa kwa kitambaa chenye maji ya chupa, kama kioo cha gari. Vipele vya joto vilikuwa vimeanza kumtoka shingoni.

Kwenye ukuta wa nje kitu kilikuwa kinalia kama panzi. Bibi akatoka kukitazama. Ilikuwa mita ya maji, na kigurudumu chake kinakimbia mbio.

"Baba," alimwuliza mkwewe, aliyekuwa akifunga tai aende kazini, "hii inahesabu nini, na maji hakuna?"

"Inahesabu kinachopita, mama."

"Na kinachopita ni upepo."

"Ndiyo, mama."

"Na mnaulipia?"

Mkwe alivuta tai ikambana. "Kila mwezi."

Bibi hakulaumu mtu. Lakini alikotoka kitu kilicholipiwa hakimwagwi. Hata maji yaliyooshewa mchele yana mche wake yanakokwenda. Alichukua dumu tupu, akalikinga kwenye bomba, na lilipojaa akafunga kifuniko upesi. Dumu likawa gumu, na jepesi kuliko lilipokuwa tupu. Alipoliachia lilipanda polepole, likagonga dari, likatulia pale. Akalivuta, akalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi.

Upepo ule ulifaa. Umeme ulipokatika, binti alilegeza kifuniko kidogo, mtoto akapepewa mpaka akalala. Nepi zilikaukia sebuleni. Mwalimu wa ghorofa ya juu, ambaye kodi yake ilipanda mwaka ule na dari lake likaendelea kuvuja, alikuja kuazima chumvi, akakuta madumu yanaelea juu ya meza.

"Kumbe mna mifugo," alisema. "Nini hiyo?"

"Upepo," alijibu Bibi.

"Wa bomba?"

"Wa kulipia."

Mwalimu akasahau chumvi, akaenda kununua madumu. Haukupita muda, jengo zima likawa linakinga. Wapangaji waliokuwa wakitukanana kwa ajili ya mahali pa kuegesha magari sasa waliazimana vifuniko.

Asubuhi moja mlinzi, aliyezoea kunywa chai akiwa amekaa kizingitini, aliona miguu yake haigusi ardhi. Akamaliza chai. Wapangaji waliokwenda kazini waliruka chini, wanawake wakiwa wameshika viatu mkononi. Baadaye ikaletwa ngazi, na paka wa mtaa wakahamia chini ya jengo, kwenye kivuli.

Wakala wa mwenye nyumba alikuja, akachungulia chini, akapanda ngazi, akajipangusa mikono.

"Hongereni," aliwaambia. "Hewa safi, na dirishani mnaona mpaka ng'ambo ya soko. Itabidi kodi ifanane na mandhari."

"Na maji?" aliuliza binti, mtoto kiunoni.

"Dada yangu, maji hayawezi kupanda mpaka huku."

"Hata tulipokuwa chini hayakupanda."

"Lakini sasa kuna sababu."

Jumamosi mchana Bibi alisikia mlio aliokuwa ameusubiri tangu afike. Bomba kubwa lililokuwa likivutwa na jengo lilikuwa limekatika, na maji meupe yanaruka pale chini. Majirani wa nyumba za mbele walikuja na ndoo, wanacheka. Wapangaji wakajaa madirishani na kwenye ngazi.

"Tufungueni madumu tushuke," alisema binti.

"Anza wewe," alisema mwalimu. "Mimi wangu ni wa mwezi mzima."

"Tukishuka, kodi haishuki nasi," alisema mkwe, na watu wakaona kasema kweli. Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Bibi alimtazama mtoto shingoni. Akaingia ndani, akafungua madumu ya binti yake moja baada ya jingine. Nyumba ikavuma, picha ya harusi ikageukia ukuta. Mkwe aliishika meza. Jengo likainama kidogo upande wao, kama mtu aliyeegemea kiwiko, halafu likatulia hivyo hivyo. Madumu ya wengine yalikuwa bado yamefungwa.

Kamba ilibaki bila kazi. Bibi akaifunga kwenye ndoo, akaiteremsha dirishani. Kwa kule kuinama kwa jengo, ikamfikia mlinzi pale chini, naye akaikinga kwenye maji.

"Vuta, Bibi!"

"Navuta. Wewe angalia viatu vyako."

Alivuta alivyovuta kisimani akiwa msichana, mkono juu ya mkono. Akapasha sufuria moja, akachanganya, akapima kwa kiwiko. Mtoto akaingia maji yakamfika mabegani. Kwanza alilitazama jambo lile. Kisha akapiga teke, na tai ya baba yake ikalowa yote.

"Si nilikuambia, mama," alisema binti, machozi yakimlenga, "kwamba maji yapo nyumbani?"

"Ulisema. Yapo chini yake tu."

Jumatatu mafundi walikuja, wakaunga bomba kwa kipande kirefu kilichofika mpaka juu, wakaondoka. Bibi alikuwa anafunga mfuko wake wa safari bomba la jikoni lilipokohoa. Nje, mita ikaanza kulia kama panzi. Binti, mtoto mgongoni, alichukua dumu tupu, akalikinga, akaanza kutafuta kifuniko.

Kilikuwa chini ya meza. Bibi alikiokota, akampa. Kamba aliiacha pale pale dirishani, na ndoo yake.