Kitenge cha Ng'washi Mezani

Masalu alikuwa dalali wa ng'ombe siku za mnada na mnadishaji wa kanisa siku za Jumapili, na mpaka mwaka huu kazi hizo mbili hazikuwahi kumtia kinyaa. Ng'ombe hata akiwa anaharisha ni ng'ombe. Unamnunua, unamswaga, unaondoka naye. Lakini vitu alivyokuwa akiuza siku hizi mbele ya simu vilimfanya anawe mikono kila akitoka ibadani, mpaka mkewe akamuuliza kama kule kanisani wameanza kuchuna ngozi.

Kanisa lenyewe ni dogo, liko nje kidogo ya mji wa Bariadi, upande wa kwenda Nkololo. Nusu ya paa ni bati, nusu ni turubai. Kama makanisa mengi ya huku, lina mnada wake wa sadaka. Asiye na fedha analeta alichonacho: kuku, boga, debe la mpunga, mzigo wa miwa. Ibada ikiisha vitu vinapangwa mezani, mnadishaji anataja jina la mtoaji, watu wanapandishana bei, na mshindi ana hiari. Anaweza kuchukua kitu chake, au anaweza kusema "irudi mezani", kikauzwa tena, Mungu akapata mara mbili. Ulikuwa utaratibu mzuri. Boga moja liliweza kuzunguka kanisa zima na bado jioni likapikwa, kwa sababu mnunuzi wa mwisho alikuwa jirani wa mtu fulani mwenye njaa.

Halafu Mzee Yakobo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja na simu iliyosimama kwenye miguu mitatu. Alieleza kwamba wenzetu walioko Dar, Mwanza na ng'ambo wana kiu ya baraka na wana fedha, na sisi tuna turubai. Kwa hiyo twende laivu. Mchungaji Mayige, mzee mpole asiyependa kugombana na mtu, akatazama juu kwenye turubai, akasema sawa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jogoo mwekundu wa Bujiku alinunuliwa na mtu aliyejiita Tajiri wa Kibaha kwa bei ya mbuzi, na kanisa likashangilia. Lakini jogoo wa Bariadi atafikaje Kibaha? Tajiri akaandika irudi mezani. Jumapili iliyofuata jogoo akanunuliwa na mwingine wa Dar, naye akaandika vilevile. Watazamaji wakampenda, wakampa jina, Bwana Harusi, wakawa wanamuulizia hata kabla ya mahubiri kwisha. Siku za katikati ya juma Bwana Harusi alifungwa mguu katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Hakuna aliyethubutu kumchinja, maana alikuwa mali ya watu, na hakuna aliyekumbuka kumwagia mtama, maana mali ya watu hulishwa na wenyewe. Akafa.

Mtu mwenye akili zake angemzika. Yakobo alimweka mezani. Masalu akamwinua kwa miguu, sisimizi wakimdondoka kutoka kwenye manyoya, harufu ikimpanda puani, akataja bei ya kuanzia huku amebana pumzi. Jogoo mfu akauzwa kwa bei ya ndama. Hakuwahi kukaribia bei hiyo alipokuwa hai.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kuanzia siku hiyo watazamaji hawakutaka tena vitu. Walitaka kuona watu wa Bariadi wako tayari kuuza nini. Kila mwezi ukawa na kichaa chake. Ulikuwepo mwezi wa vitu vyenye sura, boga lenye pua, kiazi chenye makalio, na watu wazima walishinda shambani wakifukua matuta kutafuta kiazi cha aibu. Ukaja mwezi wa vitu vya mwilini. Meno ya bandia ya marehemu mwalimu wa kwaya yaliletwa na mwanawe mwenyewe ndani ya kikombe. Soksi za mchungaji zilinunuliwa na mama mmoja wa Mwanza kwa sharti kwamba zisifuliwe. Mchungaji alizivua pale pale kwenye kiti, uso umeiva kwa haya, na Masalu akazishika kwa vidole viwili, akazinadi.

Vilivyoweza kutumwa kwa basi vilitumwa. Vilivyobaki vilirundikwa kile chumba cha nyuma, vimenunuliwa, havigusiki. Mapapai yakatoa maji, mayai yakapasuka yenyewe, maziwa ya mgando yakaota sufu ya kijani. Wakati wa sala harufu ilipita chini ya mlango ikakaa na waumini. Walikuwepo katika viti vile watu waliolala na njaa jana yake, na chakula kinaoza nyuma ya ukuta kwa jina la Bwana. Masalu alilisema hilo kwenye kikao. Yakobo akamwonyesha bati jipya.

Mmoja wa waliokuwa wakilala na njaa ni Ng'washi, shangazi yake Masalu. Ndiye aliyemlea Masalu baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mjane, kijumba chake kiko upande wa Nkololo, na alitembea kwa mguu kuja ibadani kila Jumapili. Masalu alimpelekea unga alipoweza, naye alipokea kwa mikono miwili na kesho yake akaugawa kwa jirani. Kuomba hakujua. Alijua kutoa. Furaha yake yote ya juma ilikuwa pale jina lake linapotajwa mezani, "sadaka ya mama yetu Ng'washi", watu wakageuka kumtazama na kina mama wakampigia vigelegele.

Mwezi wa soksi alileta ungo wa michembe. Viazi alivikata mwenyewe, akavianika juu ya mwamba mpaka vikawa vyeupe na vikavu kabisa, kazi safi ambayo Msukuma yeyote akiiona mate yanamtoka. Masalu akataja bei. Watazamaji wakaleta picha za nyuso zinazocheka. Mmoja akauliza kama ni magome ya mti. Mwingine akasema bibi kaleta kuni. Waumini waliokuwemo ndani wakaogopa kutaja bei ndogo mbele ya watu wa Dar, wakanyamaza. Masalu akasubiri, kisha akasema tusonge mbele, akachukua soksi. Ng'washi akabeba ungo wake akarudi nao nyumbani. Tangu kanisa lile lijengwe, hakuna aliyewahi kuona sadaka ikirudi na mwenyewe.

Jumapili mbili tatu hakuonekana. Alipokuja tena alimsalimu Masalu mlangoni kama kawaida, "Mwangaluka, baba," na Masalu akaitika huku anatazama pembeni. Mkononi hakuwa na kitu ila sarafu alizofunga kwenye pindo la leso.

Mwezi huo kichaa kilikuwa ni nguo kuukuu za wazee. Watu wa mijini walikuwa wakizitundika ukutani na kupigia picha, na kadiri nguo ilivyokuwa na viraka ndivyo bei ilivyopanda. Waliziita mali ya kale. Masalu alikuwa ameshauza koti la mzee lenye jasho la miaka na suruali yenye doa ambalo hakutaka kulijua. Ng'washi alipopita mbele ya simu kutumbukiza sarafu zake sandukuni, maoni yakaanza kumiminika. Hicho kitenge cha bibi. Hebu bibi arudi. Nakitaka.

Kilikuwa kitenge cha zamani sana, cha enzi pamba ilipokuwa pamba, chenye picha ya tumba la pamba lililopasuka katikati na maneno ya chama cha ushirika yaliyofifia. Begani kilikuwa na kiraka cha mfuko wa unga. Ng'washi alijitanda nacho kiangazi na masika, na Masalu alijua sababu. Gauni alilovaa ndani lilikuwa limechanika mgongoni toka shingoni hadi kiunoni, limeshikwa na pini.

Yakobo akasoma maoni kwa sauti, kila neno. Ng'washi akasimama. Alipoelewa kwamba watu wa Dar na wa ng'ambo wanataka kitu chake yeye, uso ukamng'aa kama msichana aliyechaguliwa kwenye ngoma. Masalu alitaka kusema ngoja. Kabla hajafungua mdomo, kitenge kilikuwa kimeshavuliwa, kimekunjwa vizuri, kimewekwa mezani.

"Nadi, baba," akasema. "Jina langu ulitaje vizuri."

Akalitaja. Bei ikaanza pale walipoishia wengine. Ikapita kuku, ikapita mbuzi, na kina mama wakaanza kujipangusa macho, maana mabati yaliyobaki yalikuwa yakionekana kwa macho kabisa. Yakobo akamwomba bibi asimame karibu na simu. Kisha akamwomba ageuke, watazamaji waone jinsi kitenge kinavyokaa mgongoni. Akasahau, au hakusahau, kwamba mgongoni hapakuwa na kitenge tena.

Ng'washi akageuka. Masalu akaliona kanisa lake lote likiinamisha macho, na akaisoma simu. Nyuso zinazocheka zilipanda kwenye kioo kama povu la maji machafu. Bibi yuko hewani. Pini inauzwa? Mtu mmoja akaandika kwamba kitenge hakitaki, anataka gauni, na bibi alivue pale pale ili ajue ni lenyewe. Akataja bei ya ng'ombe dume. Mwingine akaipandisha.

 Masalu akachukua kitenge mezani, akamfunika shangazi yake mabega, akaisukuma simu ikalala kifudifudi.

"Mnada umefungwa," akasema. "Nimekinunua mimi."

Minong'ono ikaanza. Kwa utaratibu wao mnadishaji hanunui, mtoto wa shule ya Jumapili analijua hilo. Yakobo akasema kwa upole wa kutisha kwamba ndugu Masalu ameinyima nyumba ya Mungu paa lake. Mchungaji Mayige akafungua Biblia, akaifunga. Lakini Masalu hakuwa akiwasikiliza hao. Alikuwa akimtazama shangazi yake, ambaye alikuwa anakivua tena kitenge taratibu, anakikunja, anakirudisha mezani.

"Nimekwisha kitoa, Masalu. Kilichotolewa hakirudi mgongoni."

"Shangazi, wanakucheka."

"Naona. Mimi si kipofu." Akamsogelea, na sauti yake haikupanda. "Michembe yangu waliicheka, nawe ukaendelea kuuza. Uliniacha nikabeba ungo wangu nikatoka nao mbele ya watu. Siku ile hukuizima simu. Leo wamenitaka, ndiyo unaizima?"

 Masalu alijaribu kusema kwamba wale si watu wa Mungu, ni wahuni wenye vifurushi vya intaneti. Ng'washi akajibu kwamba yeye hawatolei wao, na kama fedha ya mhuni inanunua bati, mvua haitauliza. Kisha akauliza, kwa utulivu uleule, kama ni kweli kuna mtu anataka na gauni, kwa sababu nyumbani analo lingine, la kazi za shambani, na anaweza kulileta Jumapili ijayo wakitaka lile alilovaa.

 Yakobo alitazama sakafu, ingawa mkono wake ulikuwa umeshaiinua simu na kuisimamisha tena kwenye miguu yake.

Masalu angeweza kutoka nje. Baadaye aliwaza sana kuhusu mlango ule, jinsi ulivyokuwa wazi, na punda wa mtu alivyokuwa akila nyasi pale nje bila habari. Lakini angetoka, Yakobo angenadi mwenyewe, na Yakobo angenadi mpaka pini. Na kama angekivunjilia mbali kile kidude, Ng'washi angerudi Nkololo kwa mara ya pili na sadaka iliyokataliwa, safari hii imekataliwa na mtoto aliyemlea mwenyewe. Alimtazama mama mzee amesimama wima kando ya meza, anamsubiri. Hakuna aliyewahi kumtaka kwa bei hiyo maishani mwake, na waliomtaka walikuwa hawa.

Akakichukua kitenge. Akasema gauni haliuzwi, leo wala Jumapili ijayo, na atakayeliuliza tena atatolewa. Watazamaji wakaleta nyuso zao. Akakifungua kitenge mbele ya simu, akakishika kwa mikono yote miwili, akakiinua juu kadiri alivyoweza ili kimzibe shangazi yake aliyekuwa nyuma, na akanadi. Alinadi kama anavyonadi dume la maksai, kwa sauti ya mnadani, huku mate yamemjaa mdomoni na hana pa kuyatema. Bei ikapita ndama. Ikapita mtamba. Mtu mmoja wa Dar, asiye na jina, mwenye picha ya gari badala ya uso, akashinda.

"Sadaka ya mama yetu Ng'washi," Masalu akatangaza.

Ng'washi akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu na chembamba, cha mtu aliyekitunza muda mrefu, mkono mmoja ukiwa mdomoni na mwingine nyuma, umelishika gauni.