Mjane wa Gazetini

Kibwana, karani wa boma la Kisarawe, alikuwa na wazimu wa senema, tena si senema yoyote. Alitaka zile za mauaji: wanaume wa makoti na kofia, mvua isiyokatika, moshi wa sigara, na mwanamke mzuri anayemzika mumewe macho makavu. Kila Jumamosi alipanda lori la mihogo mpaka Dar es Salaam kuzitazama. Akirudi, hutembea na koti zito juani saa saba mchana, jasho linamtiririka. Wallahi ungecheka ukafa. Lakini hadithi zake za gazetini zilipendwa, na watu wakimuuliza anazitoa wapi, hujibu, "Napeleleza mwenyewe." Uongo mtupu! Alizitoa kwenye senema, moja baada ya nyingine.

Mwaka wa hamsini na mbili jirani yake, Pazi, alikufa kwa homa. Mkewe Mwanne akakaa eda: nguo nyeupe, hatoki ndani, miezi minne na siku kumi. Kibwana alimwona mara moja tu dirishani, macho makavu. Yalikuwa yamelia mpaka yakaishiwa, lakini yeye aliona senema. Akaketi kuandika habari za mjane aliyemuua mumewe kwa sumu ndani ya uji wa tangawizi.

Uji wa tangawizi! Mtaa mzima ulijua ndio Mwanne aliomnywesha Pazi kitandani.

Adamu, fundi cherehani aliyejua kusoma, alipolisoma gazeti hilo kwa sauti penye kahawa, watu waliduwaa. Maneno ya chapa, nani abishe? Na mwandishi si ndiye mpelelezi? Alasiri haijaadhiniwa, Mwanahalima, mama yake Pazi, yuko mlangoni kwa mjane, anamtaka mjukuu wake Mwanamvua, mtoto ambaye hata ziwa hajaacha.

Jumbe akamwita Kibwana mbele ya watu.

"Mwanangu, Mwanne yu karibu kunyang'anywa mtoto. Haya umeyapeleleza, au umeyatunga?"

Neno moja lingetosha. Lakini baraza lilijaa, na wote walimtazama kama bwana mkubwa. Aseme nini, kwamba anaiba picha za Wazungu? Roho ilimsuta, akaikanyaga.

"Shikamoo, Jumbe. Siri za kazi yangu sizitoi."

Basi, yakaisha. Mtoto akabebwa analilia titi, na Mwanne, kwa heshima ya eda, aliishia kizingitini.

Siku ya tatu eda ikamshinda. Alitoka mchana kweupe, nguo nyeupe imelowa maziwa kifuani, na wanawake kisimani wakaambiana, "Si tulisema? Mjane gani huyu!" Akasimama mlangoni kwa Kibwana.

"Shemeji, sikuja kugombana. Wao wanaamini gazeti. Niandikie jingine. Andika kwamba yule mjane hakumuua mumewe. Wakilisoma watanirudishia mwanangu."

Kibwana alimwonea huruma, kweli alimwonea. Akayatazama yale maziwa, akataka kusema ndiyo. Kisha akaikumbuka barua ya mhariri iliyofika jana: wasomaji wanataka sehemu ya pili, mwanamke anyongwe.

"Shemeji," alisema taratibu, "mjane asiye na kosa nani atamsoma?"

Akafunga mlango.