Mnyonya Damu wa Kizingitini

Meno ya bandia yalichongwa kwa muhogo mbichi. Valeria alikaa kwenye baraza la duka lake la ushonaji, Kasulu mjini, akiyachonga kwa wembe moja baada ya jingine na kuyatia kwenye bakuli la maji yasije yakageuka rangi. Damu ilikuwa mawese, nayo ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ukisugua mpaka kesho. Mwaka huo wa 2014 vijana wa mji walikuwa wamezama kwenye filamu za wanyonya damu. Evaristi alizionyesha kwenye banda lake la video kila Jumamosi mchana, huku mwenyewe akizitafsiri kwa kipaza sauti na kuongeza chumvi alipoona inafaa. Kila mpenzi wa filamu hizo alivaa joho, na kila joho alilishona Valeria. Jambo hilo alilipenda kuliko alivyokiri.

Halafu akaja Therese, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akipata kibali cha kutoka kuja kuuza vitenge. Joho lake alilishona kwa mkono, kutokana na pazia kuukuu na bitana ya koti la mtumba. Alichora popo kwa mkaa ukutani mwa banda, kisha akawasimulia vijana hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya mnyonya damu aliyehamia Kasulu akanenepa kupita kiasi. Maana kiumbe wa aina hiyo hawezi kuingia nyumba asimokaribishwa, na hapa watu husema karibu kabla hujapiga hodi. Watu walicheka mpaka meno ya muhogo yakawadondoka. Valeria naye alicheka, kisha akaenda kulichungulia joho lile kwa ndani. Mishono ilikuwa midogo kuliko ya cherehani yake. Roho ilimuuma, na usiku ule hakula.

Therese alimwigiza mnyonya damu huyo vizuri mno, hatimaye jambo lenyewe likampata. Ikawa hawezi kuvuka kizingiti chochote asipoambiwa karibu. Mguu ulisimama hewani, naye akangoja. Hakuna aliyeshangaa. Zahanati walimtazama goti, wakampa dawa ya kuchua. Wengine walisema ndiyo adabu inayotakiwa kwa mgeni. Karibu zilikuwa nyingi mjini, na biashara yake haikudhurika.

Evaristi alipotangaza shindano la joho na hadithi, zawadi ikiwa jora la satini nyeusi, kila mtu alijua litakwenda kwa nani. Valeria alijua kuliko wote. Alijitolea kupokea watu mlangoni, akasifiwa kwa moyo wake mwema.

Siku ilipofika aliwakaribisha wote, hata walevi. Therese alikuja joho limenyooshwa pasi, akainua mguu, akasimama. Valeria alibana pini midomoni, akajifanya anapunguza pindo la mtu.

"Yaya Valeria, uniambie tu karibu," Therese alisema, kwa kuwa kwao dada mkubwa huitwa yaya. "Niko nasimama hapa, jua inanimaliza."

Valeria alitoa pini taratibu. "Mlango uko wazi, mwenzangu. Nani kakuzuia?"

Waliokuwa ndani walisogea madirishani. Walimwona vizuri pale juani, uso umepakwa majivu, mguu ungali juu. Walikubaliana kwamba hakuna kama yeye, wakampigia makofi. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka, kwa kuwa kukaribisha ilikuwa kazi ya Valeria, na kumwingilia mtu kazi yake si uungwana. Evaristi alikumbusha kwamba mshindani sharti awe ndani. Gari la kurudi kambini lilipopiga honi, Therese alishusha mguu akaondoka, maana kibali chake kilikuwa kinaisha.

Jora alipewa Valeria, mshonaji wa majoho yote yaliyoingia.

Jumamosi iliyofuata Therese alitandika vitenge vyake nje ya banda, mbali kidogo na mlango, na hakuinua tena mguu popote. Watu walimfuata hukohuko. Walinunua, wakachuchumaa vumbini kusikiliza hadithi mpya, wakacheka hadi machozi. Filamu ilipoanza waliinuka, wakajipangusa, wakaingia ndani. Kila mmoja alidhani mwenzake aliye nyuma ndiye atakayemkaribisha. Therese alibaki anakunja vitenge.

Valeria aliyatazama yote hayo akiwa dukani kwake, mkabala na banda. Kile kicheko alikitaka kiwe chake. Mapajani alikuwa na joho la satini lililokwisha kushonwa, na hakuna aliyekuja kulitazama.