Chumba cha Chiriku

Mama Usafi aliacha kandambili zake nje ya mlango, akaingia na kitambaa kibichi, akaanza na meza. Meza ile haikuwa imetumiwa na mtu tangu iletwe, lakini vumbi halingoji ruhusa ya mtu, linatua popote. Alipoimaliza akahamia kwenye viti. Vilikuwa viti vizuri, vya sponji nene, bado vimo ndani ya nailoni za dukani, na mwalimu mkuu alishamwonya kwamba nailoni hizo zisiguswe mpaka siku ya mgeni rasmi. Kwa hiyo akafuta nailoni. Mwisho akamfuta mdoli aliyekaa kwenye rafu, akamrudisha palepale, kisha akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi ya buluu: Chumba cha Ushauri wa Watoto. Chini yake, kwa herufi ndogo: Sema, tunakusikia.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Uwanja mzima ulikuwa kelele na vumbi, na mwanawe alikuwa amekaa peke yake kwenye kizingiti cha darasa, magoti yameshikana, mikono imebana sketi. Mama Usafi aliijua maana ya kukaa vile. Mtoto alikuwa amebanwa na mkojo tangu asubuhi na hatakwenda chooni. Atavumilia mpaka ashindwe, kisha ataloana palepale darasani, wenzake wacheke, na mama ataitwa aje na ndoo.

Mtoto alikuwa na jina, ila liliitwa asubuhi tu, wakati wa mahudhurio. Shule nzima ilimjua kama Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno ya kutosha na hakuwahi kupumzika. Majirani walikuwa wakimtania mama yake: mtoto huyu ulimzaa au ulimtoa redioni? Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye mdomo ule ule uliowafurahisha watu.

Vyoo vya wasichana havikuwa na komeo. Kwa hiyo wasichana walikuwa na utaratibu wao, ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha: walikwenda wawili wawili. Mmoja anaingia, mwenzake anashika mlango kwa nje na kuzungumza bila kukatiza, ili aliye ndani, mle gizani, ajue kwamba hajaachwa. Ukinyamaza, umemkimbia. Chiriku aligombewa na wenzake kwa kazi hiyo, kwani maneno yake hayakuisha. Siku ile alikuwa amemshikia mlango rafiki yake, yule waliyekaa dawati moja. Alikuwa akimsimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kofia ya mwenyewe. Sakafu ya choo ikabomoka. Mbao zilikuwa zimeoza muda mrefu, hazikupiga hata kelele. Chiriku akaendelea kusimulia. Alimaliza ya mbuzi akaingia nyingine, ameshika mlango kwa mikono miwili, mpaka mwalimu wa zamu akaja kuwagombeza kwa kuchelewa darasani, akamwondoa mtoto mlangoni, akafungua.

Tangu siku hiyo hakusema tena.

Baada ya mazishi walikuja watu wa magari. Walisikitika kwelikweli, mmoja wao alilia. Baadaye zikaja fedha na chumba kikajengwa. Choo hakikujengwa. Wazazi walipouliza mkutanoni walijibiwa kwa upole kwamba fungu lile ni la sera ya afya ya akili ya watoto shuleni, vyoo vina fungu lake, na likitoka watajulishwa. Shimo lilifukiwa kwa kifusi na kuzungushiwa miiba. Wasichana wote wakahamia kwenye choo cha pili, kilichojengwa na fundi yuleyule kwa mbao zilezile.

Siku chache kabla ya ufunguzi, mwalimu mkuu alimwita Mama Usafi ofisini. Hakumwambia akae, na yeye hakutarajia.

"Mama Usafi, mambo yako yamenyooka," alisema. "Mgeni rasmi atataka kumwona mtoto anashauriwa. Nimemchagua mwanao."

Mama Usafi alishika mlango. Alikuwa ameomba jambo hilo mpaka akaona haya kuomba. Mshauri wa watoto alikuwa mmoja tu kwa wilaya nzima, dada mmoja wa pikipiki, na kila alipoulizwa jibu lilikuwa foleni ni ndefu.

"Mwalimu, Mungu akubariki. Ina maana mshauri ataanza kumtibu?"

"Akishakaa naye mbele ya mheshimiwa, atasemaje kwamba hamjui? Si unajua wanavyosema, mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka kidogo. "Ila kuna kajambo kamoja. Mgeni atamjulia hali. Sasa mtoto asipojibu, mheshimiwa atatuuliza chumba tumekijengea nini."

"Lakini mwalimu, si ndiyo kazi ya chumba? Wasiosema?"

"Sikiliza, mama. Mimi na wewe tunaelewa. Wale wana dakika tano na kamera. Mfundishe maneno mawili matatu tu. 'Naendelea vizuri, nashukuru.' Basi."

"Hasemi, mwalimu. Hata mimi hanisemeshi."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe utapata njia." Akavuta karatasi zake karibu, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. "Ukishindwa niambie mapema. Mwalimu wa hesabu ana mtoto mchangamfu sana."

Mama Usafi hakutaka nafasi ya mwanawe iende kwa mtoto mchangamfu. Jioni hiyo alimkalisha kwenye kigoda, akamwosha miguu, akaanza. Alisema yeye, akangoja. Akasema tena. Mtoto alimtazama mdomo, kama mtu anayetazama mashine ikifanya kazi. Kesho yake vivyo hivyo. Alijaribu kwa kuimba, alijaribu kwa kutekenya, akajaribu kwa kukasirika, akajuta. Mwishowe akamwambia ukweli jinsi alivyouelewa yeye.

"Mwanangu, ukiyasema hayo, yule dada atakuwa wako. Mtakaa wawili tu, mlango umefungwa..."

Mtoto alishtuka, akarudi nyuma na kigoda chake. Mama akauma ulimi.

"Mlango utakuwa wazi. Wazi kabisa. Atakusikiliza mpaka umalize yote. Lakini kwanza useme hayo, mama. Ndiyo nauli."

Siku iliyofuata, wakati mama akikamua sketi ya shule kwenye beseni, alisikia sauti nyuma yake. Ilikuwa imekauka, ya mtu aliyeamka usingizini.

"Naendelea vizuri. Nashukuru."

Mama Usafi aliiacha sketi majini. Alimbeba mtoto mkubwa vile, akazunguka naye uani, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

Siku ya ufunguzi aliruhusiwa hatimaye kuzichana nailoni. Viti vilinukia upya. Watu walijaa chumba hata hewa ikapungua: mgeni rasmi, wasaidizi wake, wapiga picha, mwalimu mkuu aliyevaa tai iliyomkaba. Mama Usafi alisimama nje, kwenye dirisha, ufagio mkononi. Chiriku aliketi kwenye kiti, miguu haifiki chini. Mbele yake alikuwa yule dada wa pikipiki, kijana tu, viatu vyake vina vumbi la safari.

Mshauri hakuanza kwa maswali. Alishuka akakaa sakafuni, akampa mtoto mdoli, akanyamaza. Chiriku alimgeuza mdoli, akamtazama. Kisha akateremka kitini, akamwingiza mdoli chini ya meza, akasogeza kiti mbele yake na kukishika kwa mikono miwili. Midomo yake ikaanza kucheza. Hakuna sauti, lakini ilikuwa inacheza upesi upesi, na mama yake dirishani alitambua. Mshauri naye aliona kitu. Aliinama karibu.

"Nani yuko huko ndani?" aliuliza polepole.

Mtoto akamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtu mgeni usoni tangu siku ile. Akafungua mdomo.

"Haya, binti yetu!" mgeni rasmi alisema, akainama na mkono umenyooshwa, na kamera zikainama pamoja naye. "Unaendeleaje?"

Chiriku aliuacha mshiko wa kiti. Alisimama wima, kama alivyofundishwa.

"Naendelea vizuri. Nashukuru."

Makofi yalijaa chumba. Mwalimu mkuu alimnong'oneza mgeni rasmi, na mgeni rasmi akageukia kamera, macho yamelowa, machozi ya kweli. "Nimeambiwa mtoto huyu ndiye aliyekuwa mlangoni siku ya msiba. Alikuwa hasemi kabisa. Leo mmemsikia wenyewe. Hatusemi kwa maneno, tunasema kwa matokeo." Wakatoka kwenda kwenye vinywaji.

Mama Usafi alimpata mshauri kwenye pikipiki yake, akivaa kofia.

"Dada, samahani. Nimlete lini?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Yule wa mdoli."

Mshauri alikaza mkanda wa kofia. "Nilikuwa nimempangia awe wa kwanza," alisema. "Lakini mheshimiwa ametangaza amepona. Mbele ya wakubwa zangu. Sasa nikimchukua mtoto aliyepona nikawaacha wanaojikata mikono kwenye shule nyingine, nitaulizwa."

"Hakupona. Nilimfundisha mimi. Kila jioni nilimfundisha."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Niliona alichotaka kusema. Walivyomkatiza niliona pia." Alishika usukani wa pikipiki, akauachia. "Mama, usiende kuwaambia ulimfundisha. Watakufukuza kazi, na chumba kitafungwa, na hakuna atakayeletewa mshauri. Ngoja kidogo. Mwakani wataajiri wengine, ndivyo sera inavyosema."

"Na wewe unaamini?"

Dada yule aliwasha pikipiki. Akatikisa kichwa, akaondoka. Mama Usafi hakuwa na hata mtu wa kumkasirikia. Alirudi kukusanya chupa.

Viti havikuwa tena na nailoni, kwa hiyo mwalimu mkuu aliagiza chumba kifungwe moja kwa moja, visije vikachafuka kabla ya wakaguzi. Mama Usafi aliendelea kuvifuta kila asubuhi. Nyumbani alimuuliza mwanawe kama anaumwa, kama amekula, kama anataka walale pamoja. Mtoto alisimama wima na kumjibu jibu lile lile. Aliposhika sufuria ya moto na kuungua kiganja, alilisema hilo hilo, machozi yakimtoka. Mama alimfunga kitambaa akamwambia asiseme tena. Akasema tena.

Siku moja, saa ya mapumziko, Mama Usafi alikuwa akifagia karibu na vyoo alipokiona kitoto cha darasa la kwanza kimemshika Chiriku mkono. Kilikuwa kigeni, kimehamia juzi, hakikujua habari yoyote. Kilikuwa kinarukaruka kwa kubanwa.

"Dada, nishikie mlango. Na unisemeshe, naogopa."

Kikaingia. Mama Usafi aliinua mguu aende, halafu hakujua aende kufanya nini. Kumwondoa mlangoni ni kumrudisha siku ile. Kumwacha ni hivyo hivyo. Chiriku aliutazama mlango. Kisha akaushika, kwa mikono miwili, kile kiganja chenye kitambaa na kile kizima, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Naendelea vizuri," aliuambia mlango. "Nashukuru. Naendelea vizuri. Nashukuru."

Mwalimu mkuu alikuwa akipita na mgeni wake, akasimama kusikiliza, akatabasamu. "Unaona, Mama Usafi? Siku hizi anaongea mpaka anapitiliza." Akaendelea na safari yake.

Kitoto kilimaliza, kikausukuma mlango, kikapenya chini ya kwapa la Chiriku na kukimbilia kwa wenzake. Kengele ililia. Uwanja ukabaki mtupu. Mama Usafi aliuweka ufagio chini, akamsogelea mwanawe, akamshika mabega kumwambia kwamba mle ndani hamna mtu, twende. Mtoto aliukaza mkono. Aliendelea kuusemesha mlango, upesi upesi, bila kupumzika, na mama akabaki amesimama nyuma yake, ufunguo wa chumba cha ushauri umening'inia shingoni.